Kaka anasema mashine ya kupumulia ndiyo iliyomwua baba

SWALI

Shikamoo Daktari,

Nasoma safu hii siku zote lakini sikuwahi kudhani kwamba nami nitaandika. Sasa nimefika mahali silali vizuri, na nyumbani hakuna wa kumuuliza.

Baba yetu alifariki kwa korona katikati ya mwaka 2021. Alikuwa na miaka 68, ana kisukari cha miaka mingi, na presha ambayo dawa zake alikuwa akizimeza anapokumbuka. Ilianza kwa kikohozi na homa za jioni. Yeye na mama walipimwa pamoja, wote wakakutwa nayo, tukaambiwa tuwatunze nyumbani. Mama alikohoa siku chache, pua ikawa hainusi kitu, kisha akapona. Baba naye tulidhani anaelekea hukohuko, mpaka wiki ya pili mdogo wangu wa kiume alipoleta kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni. Kikasoma 82. Tukasema kimeharibika, kwa sababu mzee alikuwa amekaa kitini anaongea, anatuuliza mbona tunamkodolea macho. Tukakibana kwenye vidole vyetu, kikasoma 97, 98. Tukakirudisha kwake, 82. Saa ileile tukamkimbiza hospitali.

Huko alivalishwa barakoa ya oksijeni, na kila siku wakawa wanaongeza kiasi. Kisha hali ikageuka ghafla. Siku niliyoruhusiwa kuingia nilimkuta anapumua kwa mabega na shingo, hawezi kumaliza sentensi. Ule mfuko wa mkojo unaoning'inia pembeni ya kitanda ulikuwa karibu mtupu, una maji kidogo tu chini, yenye rangi iliyokolea. Daktari wa zamu akanieleza kwamba figo zinashindwa na mapafu yamechoka, hivyo wanataka kumlaza usingizi na kumwekea mashine ya kupumulia, na anahitajika ndugu wa kutia saini. Kaka mkubwa alikuwa safarini, simu haipatikani. Mama alikuwa bado amejitenga nyumbani. Nikatia saini mimi, mdogo wangu akiwa pembeni yangu. Baba hakuamka tena. Baada ya wiki mbili na ushei alifariki.

Tangu siku ile kaka ana kauli moja: mashine ndiyo iliyomwua baba, na mimi ndiye niliyeiruhusu. Anasema walioingizwa mashine wote walikufa. Mwezi uliopita alituma kwenye kundi la familia makala yenye orodha ya mambo yanayoongeza hatari ya kifo kwa wagonjwa mahututi wa korona. Umo umri, kisukari na ugonjwa wa figo, na kumewekwa pia kupumuliwa na mashine, ati uwezekano wa kufa ni zaidi ya mara kumi. Chini yake akaandika, "Someni wenyewe." Hakuna aliyejibu, hata mama.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee wa umri uleule, naye mwenye kisukari, tena mnene kuliko baba. Hakuwekwa mashine, akatoka hospitali kwa miguu yake. Jambo hilo haliniachi.

Naomba uniambie ukweli hata kama ni mchungu. Je, saini yangu ndiyo iliyomwua baba? Kwa nini yule mzee na mama walipona? Na mwaka jana nami nimegundulika na kisukari, nina miaka 43. Ile orodha inanihusu na mimi?

Ni mimi,
Niliyetia saini

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kumpoteza mzee, na pole zaidi kwa kubeba lawama hii peke yako miaka yote hiyo.

Saini yako haikumwua baba. Faili lake sinalo, lakini uliyoyaandika yanatosha kunifanya niseme hivyo bila kusita, na nataka nikueleze sababu hatua kwa hatua ili uweze kuzirudia mbele ya kaka yako.

Orodha ya namna hiyo naifahamu. Upo utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet Mei 2021, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000 walioingizwa vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, kati ya Mei na Desemba 2020. Asilimia 48 yao walifariki ndani ya siku 30. Watafiti walipochambua nani alikufa na nani alipona, waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kweli walikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi mara kumi. Kwa hiyo namba aliyotuma kaka yako inaweza kuwa sahihi kabisa. Alipokosea ni katika kuitafsiri. Orodhani humohumo walikuwamo pia waliopewa oksijeni ya kasi kubwa kupitia puani, waliopewa dawa za kupandisha presha iliyoshuka, na waliosimama moyo ndani ya saa 24 za kwanza. Yote hayo ni alama za mgonjwa aliyezidiwa. Mashine hupewa mtu ambaye mapafu yake yameshindwa, na yule ambaye mapafu yake yanafanya kazi hapewi. Ukiyahesabu makundi hayo mawili, lazima vifo vijae upande wa mashine, hata kama mashine yenyewe inaokoa watu kila siku.

Kuna takwimu nyingine inayoonyesha jambo hili waziwazi. Uingereza ilifanya jaribio kubwa la dawa za korona lililoitwa RECOVERY, na Juni 2020 likatangaza matokeo ya deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili iliyowaka kupita kiasi. Tuwatazame wale ambao hawakupewa dawa hiyo. Kati ya waliolazwa bila kuhitaji oksijeni, asilimia 14 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliokuwa wakipewa oksijeni, asilimia 26. Kati ya waliokuwa kwenye mashine, asilimia 41. Kama hoja ya kaka yako ingekuwa sawa, basi barakoa ya oksijeni nayo inaua, maana waliovishwa walikufa karibu mara mbili ya wasiovishwa. Sidhani yeye mwenyewe angekubali kumvua baba yenu barakoa kwa hoja hiyo. Kinachopanda kutoka 14 hadi 26 hadi 41 ni ukali wa ugonjwa, na vifaa vinafuata ukali huo nyuma.

Angalia pia hiyo 41 kwa upande wa pili. Zaidi ya nusu ya waliokuwa kwenye mashine walikuwa hai siku ya 28, na hilo ni kundi ambalo halikupata hata ile dawa iliyokuja kupunguza vifo. Kwa waliopewa, vifo vilishuka hadi asilimia 29. Habari ya kwamba "walioingizwa mashine wote walikufa" haina ukweli, ingawa najua ilikotokea. Aprili 2020 jarida la JAMA lilichapisha ripoti ya wagonjwa 5,700 wa hospitali 12 za eneo la New York, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba asilimia 88 ya waliowekwa mashine walikufa. Dunia ilishtuka. Lakini hesabu ile ilichukua tu wale ambao hatima yao ilikuwa imeshajulikana siku ya kufunga hesabu. Kati ya wagonjwa 1,151 waliokuwa wamewekwa mashine, 282 walikuwa wamefariki, 38 walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani, na 831 walikuwa bado wodini, wapo hai. Hao 831 waliachwa nje ya hesabu. Maelezo ya ripoti yalirekebishwa siku chache baadaye, lakini ile 88 ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu duniani kote, na naona mpaka leo inazigawa familia.

Sitakuficha kwamba mashine ina madhara yake. Hewa inayosukumwa kwa nguvu inaweza kuumiza mapafu ambayo tayari yamevimba, na ndiyo maana tangu mwaka 2000 madaktari wamejifunza kutumia pumzi ndogondogo, mililita 6 hivi kwa kila kilo ya uzito unaotakiwa kwa kimo cha mgonjwa. Mrija unaopita kooni hufungua njia kwa bakteria, na mgonjwa aliyekaa siku nyingi anaweza kupata nimonia nyingine juu ya ile ya korona. Dawa za usingizi hushusha presha na misuli hunyong'onyea. Mwanzoni mwa janga madaktari wenyewe walibishana kama walikuwa wanawawekea watu mashine mapema mno, na mjadala ule ulisaidia, kwa sababu baadaye wengi walivushwa kwa oksijeni ya kasi kubwa au kwa barakoa inayobana. Lakini ulivyomweleza baba yako, anapumua kwa mabega na shingo, hawezi kumaliza sentensi, figo zimesimama, hapo mjadala umekwisha. Mtu anayepumua kwa misuli ya shingo huchoka, na akichoka husimama. Usingetia saini, sioni njia ambayo angevuka siku chache zilizofuata.

Sasa ule mfuko wa mkojo. Nimerudi kwenye barua yako mara kadhaa kwa ajili ya sentensi hiyo moja, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali lako la pili. Ukiniuliza ni nini kilichotangulia kuonyesha kwamba hali ya mzee ni ya hatari sana, nitakuonyesha mfuko ule kabla ya kukuonyesha mashine.

Korona inapofika kiwango cha kumfanya mtu mahututi, huwa imeshatoka mapafuni. Madaktari wa ICU, yaani vyumba vya wagonjwa mahututi, wana kipimo kinachoitwa SOFA, ambacho huangalia mambo sita: mapafu yanavyoingiza oksijeni, damu inavyoganda, ini, moyo na presha, fahamu, na figo. Kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, na jumla ikipanda, hatari ya kifo hupanda nayo. Katika mojawapo ya ripoti za mwanzo kabisa kutoka Wuhan, iliyochapishwa Machi 2020 ikihusu wagonjwa 191, mambo matatu ndiyo yaliyojitokeza kuhusiana na kifo: umri mkubwa, alama za SOFA, na kipimo cha damu kiitwacho D-dimer kikiwa juu ya mikrogramu 1 kwa mililita siku ya kulazwa. Kipimo hicho hupanda damu inapoganda ndani ya mishipa na yale mabonge kuanza kumeng'enywa. Marekani nako, katika utafiti wa wagonjwa mahututi 2,215 wa hospitali 65 uliotoka Julai 2020, walioingia ICU huku figo au ini limeshashindwa walikufa zaidi, na vivyo hivyo wale ambao oksijeni yao ilikuwa chini sana siku ya kuingia.

Figo hushindwa kwa sababu nyingi kwa pamoja: oksijeni imepungua, presha imeyumba, kinga ya mwili imewaka kupita kiasi na kuumiza hata mishipa yenyewe, na mabonge madogo ya damu yanaziba njia nyembamba. Kwa mtu mwenye kisukari na presha ya miaka mingi, mishipa hiyo ya figo mara nyingi ilikwishaanza kuharibika zamani bila yeye kuhisi chochote. Figo iliyodhoofika inaweza kumhudumia mtu vizuri tu katika siku za kawaida. Ikipata msukosuko wa namna hii, haina akiba. Baba yako aliingia katika ugonjwa huu na mwili wenye akiba ndogo, na hilo lilikuwa limejengeka kwa miaka kabla wewe hujashika kalamu.

Umeuliza juu ya yule mzee wa kitanda cha jirani. Kwa macho walifanana: umri, kisukari, tena yeye ni mnene. Lakini huna habari za figo zake, wala D-dimer yake, wala jinsi mapafu yake yalivyokuwa kwenye picha. Kuna hata mambo ambayo daktari wake hakuyajua. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba karibu asilimia 10 ya waliougua korona kali sana walikuwa na kingamwili zinazoshambulia intafaroni zao wenyewe, yaani zile protini ambazo mwili huzitoa mwanzoni kabisa kuzuia virusi visizaliane. Watu hao hawana habari kama wanazo, na hospitali nyingi hazina namna ya kupima. Kati ya wagonjwa 101 waliokutwa nazo katika utafiti huo, 95 walikuwa wanaume. Hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa ya wanaume kuzidiwa kuliko wanawake katika nchi nyingi, na huenda ikagusa kidogo swali lako kuhusu mama, ingawa katika ule utafiti wa nchi 10 za Afrika tofauti ya jinsia haikuonekana wazi.

Hii ndiyo tabia ya vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza hatari, mwanangu. Vinatuambia katika watu elfu wenye kisukari watazidiwa wengi kuliko katika elfu wasio nacho. Havimtaji mtu. Umri ndio wenye nguvu kuliko vyote. Kule Marekani, mgonjwa wa ICU mwenye miaka 80 na zaidi alikuwa na uwezekano wa kufa mara 11 hivi ukilinganisha na wa chini ya miaka 40. Hata hivyo wapo wazee wa miaka 80 waliotoka ICU na kurudi kwao, na vijana wasio na ugonjwa wowote waliofia humo.

Kuna upande mwingine ambao familia nyingi haziujui na hivyo hujitwisha lawama isiyo yao. Hospitali yenyewe ni kihatarishi. Katika utafiti huo wa Marekani, aliyelazwa kwenye hospitali yenye vitanda vya ICU pungufu ya 50 alikuwa na uwezekano wa kufa zaidi ya mara tatu kuliko aliyelazwa penye vitanda 100 na kuendelea. Katika ule wa Afrika, waliocheleweshwa kuingizwa ICU kwa sababu ya uhaba wa nafasi na vifaa walikuwa na hatari ya takriban mara mbili. Chukua jambo moja tu, la kumgeuza mgonjwa alale kifudifudi. Tangu mwaka 2013 inajulikana kwamba mgonjwa mwenye mapafu yaliyoshindwa vibaya, akilazwa kifudifudi saa 16 hivi kwa siku akiwa kwenye mashine, hupona kwa wingi zaidi. Katika jaribio lile vifo vilishuka kutoka asilimia 33 hadi 16. Halihitaji dawa ya ajabu. Linahitaji watu wanne au watano wa kumgeuza kwa pamoja, mmoja ameshika mrija usichomoke, na wauguzi wa kutosha kumwangalia usiku kucha. Mwaka 2021, wodi zilipofurika, hospitali nyingi hazikuwa na watu hao. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa baba yako. Nasema mambo ya namna hii yalikuwa nje kabisa ya uwezo wa binti aliyesimama mlangoni na fomu mkononi.

Niongeze neno kuhusu ile 82, kwa sababu nahisi hata kama hukuiuliza, inakusumbua. Hamkuchelewa kwa uzembe. Kinachomfanya mtu ahisi kukosa pumzi ni zaidi kaboni dayoksaidi inayojaa kwenye damu kuliko oksijeni inayopungua. Katika korona, mwanzoni, mapafu bado yanaweza kuitoa kaboni dayoksaidi vizuri huku oksijeni ikishuka, kwa hiyo mtu anakaa, anaongea, anadai yu mzima, na oksijeni yake ni ya mtu anayetakiwa kuwa amelazwa. Madaktari wenyewe walishangaa walipoyaona haya mwaka 2020. Na kushuka huko kwa kawaida hutokea wiki ya pili, wakati kila mtu nyumbani ameshaanza kupumua kwa nafuu. Nyinyi mlipoiona namba mliondoka saa ileile. Kwa faida ya wasomaji wengine, kifaa hicho huwa kinakosea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani wa Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulifichika kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kikikupa 93 na mgonjwa anaonekana hoi, mwamini mgonjwa, mpeleke.

Sasa nikuzungumzie wewe. Ile orodha inakuhusu, ndiyo, lakini kwa namna tofauti kabisa na ulivyoogopa. Una miaka 43, na baba alikuwa na 68. Umri peke yake unakuweka mbali naye sana. Yeye alikutana na virusi mwili wake ukiwa haujavijua kabisa. Leo kuna chanjo, na watu wengi wameshaugua au kuchanjwa, jambo ambalo limeshusha sana vifo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura Mei 2023. Virusi bado vipo, na wenye kisukari bado wako kwenye kundi la kuangaliwa, kwa hiyo waulize kliniki yako kama unastahili dozi nyingine ya chanjo. Kubwa zaidi ni sukari yenyewe. Sukari iliyo juu kwa muda mrefu hudhoofisha kinga na mishipa. Ikidhibitiwa, ile akiba niliyoitaja inabaki. Ukiwa na presha, dawa zake ni za kila siku, hata siku unayojisikia vizuri kabisa.

Ukipata homa na kikohozi, pima mapema, usisubiri wiki ya pili. Zipo dawa za kuzuia virusi zinazofanya kazi zikianza ndani ya siku 5 za dalili, kama Paxlovid, na daktari ataangalia figo zako na dawa nyingine unazotumia kabla ya kukuandikia. Na nakuomba sana, deksamethasoni usiimeze nyumbani kwa kujinunulia. Watu wameisikia sifa yake na kuigeuza kuwa dawa ya mafua. Katika jaribio lilelile lililoonyesha kwamba inaokoa walio kwenye mashine na oksijeni, wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Waliopewa walifariki asilimia 18 hivi dhidi ya 14 ya wasiopewa, tofauti ambayo haitoshi kuthibitisha kwamba inadhuru lakini inatosha kabisa kukuzuia kuichezea. Kwako wewe ingepandisha pia sukari kwa haraka.

Limebaki la kaka yako. Yeye ndiye mkubwa, na siku baba alipozidiwa hakuwepo. Hakumuaga, hakusikia maelezo ya daktari, hakuuona ule mfuko. Mtu aliye katika hali hiyo mara nyingi hutafuta kitu cha kushika, na yeye ameshika mashine, kisha akakushika wewe. Namwonea huruma. Lakini huruma hiyo haimpi ruhusa ya kuendelea kukuita muuaji mbele ya mama yenu, na naona kunyamaza kwenu kumemfanya aamini kwamba wote mnakubaliana naye.

Usimjibu kwenye kundi la familia. Maneno yanayoandikwa pale kila mtu husoma kwa sauti anayoitaka. Mwombe mkutane, wewe, yeye na mdogo wenu aliyekuwa pembeni yako siku ile, na ikiwezekana mama awepo. Mwache mdogo wenu aanze, aseme tu alichokiona na alichokisikia kwa daktari. Yeye hatuhumiwi, atasikilizwa. Wewe fuata baada yake, na kabla ya kutaja asilimia yoyote, mwambie kaka kwamba ulimpigia simu ukamkosa na kwamba ulitamani sana awe pale. Hizi namba nilizokuandikia mpe mwishoni, akitaka. Kisha mwende pamoja hospitali aliyolazwa mzee, mwombe muhtasari wa faili lake, na mwombe daktari mmoja akae nanyi awasomee: oksijeni ilikuwa kiasi gani, vipimo vya figo vilisemaje, mashine iliwekwa saa ngapi na kwa sababu gani. Hospitali hazikatai mara nyingi ndugu wa marehemu wakija kwa adabu, na akiyasikia hayo kwa mdomo wa daktari yatamwingia kuliko nikiyasema mimi au wewe.

Akikataa kuja, nenda wewe na mdogo wako. Wewe unayahitaji majibu hayo kuliko yeye.

Na kwa kuwa umesema hulali vizuri, mwambie hilo daktari au mshauri wa kliniki yako. Ndugu wa wagonjwa waliokufa ICU hupata sonona na wasiwasi kwa kiwango ambacho kimechunguzwa na kufahamika, hasa wale walioombwa kutoa idhini. Yapo matibabu ya kuzungumza na yanasaidia, na usingizi mbaya hupandisha sukari pia. Siku hiyohiyo waombe wakupime mkojo kuangalia protini na damu kuangalia kreatinini, taka ambayo figo huichuja, ujue figo zako zikoje tangu mwanzo huu wa kisukari chako, na urudie kila mwaka.